Wanampenda, wanajua, mbona bado anaficha?

*"Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu hapo tumemlea mimi, mama yangu na mdogo wangu wa kike. Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukiangalia pamoja tamthilia ya zamani ya Marekani, Ugly Betty, na sasa tumebakiza sehemu mbili tumalize. Humo mna mtoto anaitwa Justin, mwana wa dada yake Betty. Tangu akiwa mdogo kila mtu anaona alivyo, na nyumbani kwao wanampenda, hakuna anayempiga wala kumtukana. Sasa amekuwa kijana, amebusiwa na mvulana mwenzake, na bado anaficha. Nilikasirika nikasema kwa sauti, 'Si aseme tu, kwani nani hajui?' Mwanangu hakujibu. Nilipomgeukia nilimkuta amekumbatia mto, machozi yanamtoka, kisha akaenda kulala bila kuniaga. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, ni kwa sababu amelelewa na wanawake watupu? Je, tamthilia ndiyo inamfundisha? Nimuulize waziwazi au ninyamaze? Kuna jamaa amenishauri nimpeleke kwa mtu anayewarekebisha watoto wa namna hiyo. Na kama ni kweli, mbona anifiche mimi ninayempenda kuliko mtu yeyote?"*

Mama, umeniuliza maswali mengi, lakini nikiyasoma taratibu naona linalokuuma ni lile la mwisho. Unahofu kwamba mwanao ana jambo moyoni, na unahofu zaidi kwamba ameamua wewe si mtu wa kuambiwa. Hofu hiyo naijua. Wazazi wengi wanaokuja kukaa mbele yangu hawaanzi kwa kusema "mwanangu anapenda wavulana". Wanaanza kwa kusema "mwanangu ananificha", halafu wanalia.

Nitakujibu nikimtumia Justin, kwa kuwa mnaye sebuleni tayari. Itanibidi nikufichulie yaliyomo katika mojawapo ya sehemu mbili mlizobakiza. Unisamehe, lakini kuna jambo pale ambalo ni heri ulijue kabla hamjakaa tena kwenye kochi hilo.

Kwanza, bado hujui. Machozi ya kijana mbele ya televisheni yana tafsiri nyingi, na wewe umeshika moja kwa sababu ndiyo inayokutisha. Hebu mtazame Justin upya. Ni mtoto wa Queens, New York, anayeishi na mama yake Hilda, babu yake Ignacio na mama yake mdogo Betty. Baba yake, Santos, alikuwa mtu wa kuonekana na kutoweka. Kisha akarudi, na alipoanza tu kumwelewa mwanawe, akauawa kwa risasi dukani mwishoni mwa msimu wa kwanza. Bila shaka unaikumbuka ile safari ya treni ya chini ya ardhi. Wanakwenda Broadway kuangalia mchezo wa muziki ambao mtoto ameuota siku zote, treni inakwama, na Justin anaamua kuucheza mwenyewe mbele ya abiria. Santos, ambaye siku zote alikuwa akiona haya kwa mwenendo wa mwanawe, safari hii anasimama upande wake. Baadaye, katika msimu wa pili, Justin anajivika ubabe wa marehemu baba yake, anakuwa mkali na msumbufu, kana kwamba akivaa ukali ule wa kutosha baba atarudi.

Mwanao naye amefiwa na baba. Huenda aliyekuwa akimlilia kwenye mto ule ni marehemu mume wako. Huenda pia hisia zako ni za kweli. Na mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja: kijana anaweza kujiuliza, "Baba angekuwepo, angesimama upande wangu?" Sitakuambia ni lipi, kwa sababu hata mimi siwezi kujua nikiwa huku. Nitakushauri mambo ambayo, kama mwanao havutiwi na wavulana hata kidogo, hayatamdhuru, na kama anavutiwa, yatamsaidia.

Sasa hili la kulelewa na wanawake. Naomba uutue mzigo huu leo, maana wajane wengi wanaubeba bure. Tamthilia imemzungushia Justin wanawake na mitindo ya mavazi, na mtazamaji anaweza kudhani hapo ndipo chanzo kilipo. Lakini angalia vizuri: babu Ignacio yumo nyumbani humo kila siku, ndiye anayepika na ndiye nguzo ya familia. Hakuna ushahidi thabiti wa kisayansi kwamba mtoto wa kiume huvutiwa na wanaume kwa sababu ya kukosa baba au kulelewa na mama na bibi. Watoto wengi mno wa wajane hukua wakavutiwa na wasichana. Na wapo wanaume wanaovutiwa na wanaume wenzao waliolelewa na baba mzazi, wakiwa na kaka wanne ndani ya nyumba. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu karibu nusu milioni. Haikupatikana jeni moja inayoamua jambo hili. Zilionekana athari ndogondogo nyingi, ambazo hata ukizijumlisha huwezi kumtabiri mtu mmoja. Sayansi bado inaendelea kutafuta, lakini malezi yako si mtuhumiwa.

Vilevile, kupenda nguo nzuri, kucheza dansi au kuwa na sauti laini si ushahidi wa chochote. Tamthilia hutumia dalili hizo kwa kuwa kamera inahitaji kitu cha kuonyesha. Katika chumba changu cha ushauri wamepita wavulana wapole wapenda mapambo ambao wameoa na wanawapenda wake zao kwa dhati, na wamepita wachezaji mpira wenye mabega mapana ambao siri yao ilikuwa inawaua.

Na je, tamthilia inamfundisha? Fikiria hivi. Watu wazima wote wanaovutiwa na jinsia yao walikulia kwenye hadithi, nyimbo na michezo ya kuigiza iliyosimulia mapenzi ya mwanamume na mwanamke, usiku na mchana, na hawakubadilika. Hadithi haiwezi kupanda mvuto ambao haupo. Inachoweza ni kumpa jina mtu ambaye tayari ana hisia zisizo na jina. Kijana anayedhani yuko peke yake duniani anamwona mwenzake kwenye skrini, ana mama, ana babu, ana mtihani wa kesho, na anaishi. Hiyo ni nafuu kubwa. Ukiizima televisheni sasa hivi, zikiwa zimebaki sehemu mbili, hisia hutaziondoa. Utakachomfundisha ni kwamba hadithi za watu wa namna ile haziruhusiwi kumalizika ndani ya nyumba yenu.

Nirudi kwenye swali linalokukosesha usingizi. Wanampenda, wanajua, mbona anaficha?

Sisi tulio nje tunafikiri kujiweka wazi ni kumwambia mtu habari ambayo mwenyewe umekwisha kuijua. Kwa kijana, mara nyingi habari yenyewe bado haijakamilika. Mwanasaikolojia Vivian Cass wa Australia aliandika mwaka 1979 juu ya hatua sita ambazo mtu anayevutiwa na jinsia yake hupitia hadi kujitambua, na hatua ya kwanza aliiita ya kuchanganyikiwa: "Hivi huyu ninayeogopa kuwa, ndiye mimi?" Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo kwa mpangilio huo, wengine huruka hatua, wengine hurudi nyuma, lakini mwanzo ule wa kuchanganyikiwa nakutana nao karibu kila wiki. Mwili hutangulia, neno huja nyuma sana. Kijana anaweza kujua kwamba moyo ulimdunda alipoguswa bega na rafiki yake, na asiwe tayari kabisa kusema jambo hilo linaitwaje. Kumbuka Justin na Austin walianza kama mahasimu wakimgombania msichana, Lily, hadi Austin alipombusu. Mtu aliyetoka kwenye mchafuko huo wiki iliyopita, ukimwambia "si useme tu", unamdai jibu la hesabu ambayo bado anaikokotoa.

Halafu kuna neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu tatizo ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. "Shoga" kwa wanawake ni rafiki wa kuaminiana, anayetunza siri yako. Likielekezwa kwa mvulana linageuka jiwe la kurushiwa njiani, na hilo ndilo lililo jepesi, yapo mengine nisiyotaka kuyaandika hapa. Fikiria kijana ambaye neno pekee alilonalo la kujieleza kwa mama yake ni tusi alilolisikia uwanjani. Lazima ajitukane kwanza ndipo umwelewe. Ndiyo maana wengi hawasemi neno lolote. Wanasema "kuna mtu", kisha wananyamaza na kukutazama usoni.

Hilo la kutazama usoni ndilo kiini cha jambo zima, na hapa naomba univumilie. Kijana mwenye siri kama hii ni mtafiti hodari kuliko mimi. Kwa miaka mingi anakusanya ushahidi kimyakimya: ulicheka nini, ulifumba uso wapi, ulibadilisha stesheni wakati gani, ulimwelezaje yule jirani. Hasahau. Nimekaa na kijana aliyenitajia sentensi moja ya mama yake, neno kwa neno, iliyosemwa mezani miaka saba nyuma wakati wa kumenya machungwa. Nilipomwuliza mama huyo, hakuikumbuka kabisa. Mwanawe alikuwa ameishi ndani ya sentensi hiyo tangu akiwa na miaka tisa.

Sasa mtazame Justin kwa jicho hilo. Katika msimu wa kwanza, Marc, yule msaidizi wa ofisini kwa Betty, anamdanganya mama yake mzazi kwamba Betty ni mchumba wake, na mambo yote yanaishia katika nyumba ya akina Suarez, yaani familia ya Betty. Mama yule anatoa maneno ya kukejeli jinsi Justin anavyolelewa, Marc anashindwa kuvumilia na anamwambia mama yake ukweli. Mama anaondoka. Anamwacha mwanawe amesimama. Watunzi wa tamthilia waliliweka tukio hilo ndani ya nyumba ambamo mtoto yule anakulia, na sidhani kama ni bahati mbaya. Hilda anaweza kumpenda Justin kwa mapenzi yote ya dunia, lakini ushahidi kwamba mama anaweza kuinuka na kuondoka umekwisha kuingia kwenye daftari.

Ndiyo maana anayependwa sana huambiwa mwisho. Hesabu yake ni rahisi: mgeni akimkataa amepoteza salamu, rafiki akimkataa amepoteza mchana mmoja, mama akimkataa amepoteza ardhi anayoikanyaga. Anakuficha kwa kadiri anavyokuhitaji. Niliwahi kumweleza baba mmoja hivyo akaniambia ni maneno ya kumfariji. Sikusema ili kumfariji. Nimewauliza vijana wengi kwa nini walianza na mwalimu, au na mtu wasiyemjua, na jibu lao ni hilohilo kwa maneno tofauti.

Kuficha huko kuna gharama. Mtafiti Ilan Meyer, katika maandiko yake ya mwaka 2003, alieleza mkazo unaowaelemea watu wa makundi madogo yanayodharauliwa: si matusi yanayofika tu, hata yale yanayosubiriwa. Kijana anapima mwendo wake, mikono yake, sauti yake, anapima amemtazama nani kwa sekunde ngapi. Akirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyebeba mawe, na wewe unaona tu mtoto mvivu asiyetaka kuongea. Katika msimu wa nne, wanafunzi wanampigia Justin kura awe malkia wa shule kwa kumdhihaki. Anapanda jukwaani, anapokea taji kwa heshima, na anampa mama yake, ambaye alikosa nafasi ya kulivaa enzi zake kwa sababu alikuwa na mimba yake yeye Justin. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi. Kijana huyu ana ujasiri wa kushika taji la dhihaka mbele ya shule nzima, na bado hana ujasiri wa kusema sentensi moja jikoni. Si mwoga. Jikoni ndiko aliko na kitu cha kupoteza.

Sasa niende kwenye sehemu mtakayoiona. Familia inapata uhakika kuhusu Justin na Austin, na kwa furaha na upendo wanaamua kumwandalia sherehe ya kumpongeza. Wanapamba. Wanataka akiingia tu ajue kwamba wako naye. Anayewazuia ni Marc, yule aliyeachwa na mama yake. Anawaambia mwacheni, lazima afanye mwenyewe, wakati wake ukifika. Wanaondoa mapambo kabla mtoto hajayaona. Kisha unafika usiku wa harusi ya Hilda, na Justin, bila hotuba na bila kulitaja neno lile, anamshika Austin mkono na kwenda naye kucheza mbele ya wote. Imekwisha. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Septemba 2006, na usiku huo ulionyeshwa Aprili 2010. Watazamaji walimsubiri miaka mitatu na nusu, na aliposema, alisema kwa miguu.

Ninalipenda tukio la mapambo kuliko hata la dansi, kwa sababu linaonyesha kosa la watu wema. Ubaya wa Jean, mama yake Marc, kila mtu anauona. Ni vigumu zaidi kuona kwamba hata mapenzi yanaweza kumpora mtu zamu yake ya kusema. Ile sentensi yako, "kwani nani hajui", ilikuwa ya aina hiyo. Ulikuwa na maana ya kwamba hakuna cha kuogopa. Kama mwanao ana siri, alichosikia ni kwamba wote wanaona, na kwamba ukimya wake ni upuuzi.

Sentensi hiyo inarekebishika, na wala huhitaji kikao. Siku moja mkiwa mnafanya kitu kingine, mnaosha vyombo au mko njiani, mwambie, "Nimemfikiria yule Justin. Nilisema aseme tu, nikakosea. Mimi nisingependa kuharakishwa. Ningekuwa mama yake ningemsubiri, na asingeacha kuwa mwanangu hata dakika moja." Basi. Endelea na vyombo. Usimtazame kuona imeingia vipi, usingoje jibu, na usirudie kesho yake. Umeandika mstari mpya kwenye daftari lake na atausoma kwa wakati wake. Kuzungumza mkiwa bega kwa bega, bila kutazamana, huwapa vijana nafasi ya kupumua.

Kumuuliza waziwazi je? Zipo nyumba ambako swali la moja kwa moja lilileta nafuu. Kijana alikuwa anatamani kuulizwa, na mama akauliza kwa upole. Lakini umri wa miaka 15, ghafla, baada ya machozi yale, uwezekano mkubwa ni kwamba atasema "hapana". Na akishasema hapana kwako, kesho akitaka kusema ndiyo, atalazimika kwanza kukiri kwamba alikudanganya. Umempandishia ukuta. Kunyamaza kabisa nako si salama sana, maana ukimya wa mzazi vijana huusoma kama hukumu. Ndiyo maana napendelea njia ya kati: acha mlango wazi, na ukiongea juu ya watu wa namna hii, wawe kwenye skrini au mtaani, ongea kama unaongea mbele ya mmoja wao. Usipekue simu yake. Usimpe mama yako wala mdogo wako dhana zako, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwa sababu siri ikizunguka nyumba nzima kabla ya mwenyewe kuisema, hawezi kuirudisha. Na yule jamaa aliyekushauri, mwambie kwa adabu kwamba umeshughulikia.

Kuhusu hao wanaorekebisha, nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimekaa na waliotoka huko. Kuvutiwa na jinsia yako si ugonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kililiondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Daktari Robert Spitzer, aliyekuwa mstari wa mbele katika uamuzi ule wa 1973, alikuja kuchapisha utafiti mwaka 2003 akidai baadhi ya watu hubadilika. Utafiti huo ulitumiwa kila mahali na wauza tiba. Mwaka 2012, akiwa mzee, aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba kazi ile haikuthibitisha kitu, na akawaomba msamaha waliopoteza muda na nguvu zao kwa kuiamini. Tiba hizo hazibadilishi mvuto. Zinachobadilisha ni imani ya mtoto kwa aliyempeleka.

Kinyume chake, kinachomlinda kijana kinajulikana vizuri, na kiko mikononi mwako. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa San Francisco walichapisha katika jarida la Pediatrics uchunguzi juu ya vijana weupe na wa Kilatino wanaovutiwa na jinsia yao, yaani wengine wao wa jamii kama ya akina Suarez. Waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, ukiwalinganisha na wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Naomba uone kwamba kundi la pili halikuwa la familia zilizofurahi zote, zilizoelewa kila kitu na kubadili imani zao. Huenda baadhi ya wazazi wale walikuwa bado wanahangaika moyoni. Ila hawakuwasukuma mbali watoto wao.

Kuna tofauti moja siwezi kuipita. Mji wa Justin una sheria zake, na Justin akishikana mkono na Austin harusini hakuna askari anayekuja. Zipo nchi ambako kujulikana tu kunaweza kumletea mtu kipigo, kufukuzwa shule au kesi. Ikiwa mnaishi mahali kama hapo, kuficha kwa mwanao huenda ni busara tupu, na kazi yako si kumtoa hadharani. Ni kuhakikisha kwamba pana chumba kimoja duniani ambamo hahitaji kujipima. Kujiweka wazi si deni ambalo mtu anadaiwa na dunia. Kwa wengine kunaishia kwa mama, na kunatosha.

Lini umpeleke akaonane na mtu ana kwa ana? Usimpeleke kwa sababu ya kumshuku. Mpeleke ukiona amebadilika: halali au analala mchana kutwa, ameacha kula, ameacha vitu alivyovipenda kwa zaidi ya wiki mbili, anagawa vitu vyake vya thamani, anajikata, anakataa shule bila kusema sababu. Akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, usingoje kesho, kaa naye, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu yake, na nendeni hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo, kwa hiyo muulize. Kuna na hatari nyingine wazazi hawaijui: vijana wanaoficha huwindwa mitandaoni na watu wazima wanaojifanya rika lao, kisha wanawatishia kutoboa siri wasipolipa. Ukiona hofu ya ghafla kila simu inapolia, au fedha zinapotea, mwambie mapema kwamba hata angekuwa amefanya nini, hutamgombeza kabla ya kumsaidia.

Kabla hujachagua mshauri, mpigie wewe mwenyewe umuulize mambo mawili: kijana akikwambia siri, utamwambia nani? Na kijana akikwambia anavutiwa na wavulana wenzake, kazi yako itakuwa nini? Akijibu kwamba atajaribu kumbadilisha, au kwamba atakuletea wewe kila neno, kata simu kwa heshima na utafute mwingine. Na hata mwanao asipohitaji mtu, wewe unaweza kuhitaji. Ulibaki na mtoto wa miaka sita na kaburi jipya, na tangu hapo umekuwa ukimwazia maisha fulani ya mbele. Una haki ya kuwa na mahali pa kulia bila yeye kukuona.

Usiku mtakapofika kwenye ile harusi, keti palepale unapoketi siku zote. Dansi ikianza, tazama skrini, usimgeukie yeye. Akilia, mwache alie. Sehemu ikiisha na akabaki kwenye kochi, nawe baki, hata kama umechoka. Akienda kulala bila kuaga kama siku ile, mwambie tu usiku mwema akiwa mlangoni, kwa jina lile ulilokuwa ukimwita akiwa mdogo.